AMCOS kumiliki umeme wake wa jua kwa ajili ya kinu, mawese na pampu: hesabu zinakaaje? (Uvinza, Kigoma)

Karani_Ziwani

Wakuu, habari za kazi.

Ni AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya wanachama 140, kijiji cha kando ya ziwa, kusini mwa wilaya ya Uvinza. Laini ya TANESCO iliyo karibu ni ya fezi moja na haijafika kijijini. Kazi zenyewe ni kinu cha kusaga mahindi na muhogo (mota ya kilowati 15, kwa sasa kinazungushwa na injini ya dizeli), mashine ya kukamua mawese ya kilowati 7.5, pampu ya bustani za mboga, na barafu ya kuhifadhia migebuka (samaki wa ziwani) kama kilo 300 kwa siku. Nyumba na maduka yapata 60 nayo yanataka taa.

Muuzaji mmoja ameleta makisio: paneli za kilowati 20, betri za kilowati-saa 100, inveta ya kVA 30. Hakuuliza mashine zinawashwa saa ngapi. Naomba wenye uzoefu wa vyama vya nishati waseme:

1. Vipimo hivyo vinaendana na kazi hizo?
2. Chama kikusanyeje fedha za umeme kwa mkulima anayepata hela mara moja au mbili kwa mwaka?
3. Gridi ikifika baada ya miaka mitatu, chama kitabaki na nini?

Fundi_FeziTatu

Mkuu, hayo makisio yarudishe. Paneli za kilowati 20, kwa saa 4.5 za jua kamili na upotevu wa asilimia 25, zinatoa uniti (kilowati-saa) 67 hivi kwa siku. Betri ya 100 ikiwa tupu haitajaa kwa siku moja hata kama kijiji kizima hakijawasha taa moja. Betri ya risasi-asidi inayokaa nusu tupu kila siku inajenga chumvi kwenye sahani zake na inakufa mapema. Utalipia kitu kikubwa kisichofanya kazi yake.

Anzeni na daftari la mzigo. Kila mashine iandikwe inavuta kilowati ngapi ikiwa kazini (bandiko la mota pekee halitoshi), saa ngapi kwa siku, kuanzia saa ngapi, na miezi gani. Kwa maelezo yako naona hivi:

Kinu, saa 4 za asubuhi, mota ikibeba kama robo tatu ya uwezo wake: uniti 50. Kukamua mawese saa 3: uniti 20. Pampu: uniti 6 (hesabu iko chini). Barafu kilo 300: uniti 27, maana mashine ndogo za barafu hula uniti 70 hadi 100 kwa tani. Nyumba na maduka 60, kila moja uniti 0.4 usiku: uniti 24. Jumla 127.

Miezi ya mvua pampu haina kazi, itoe, zinabaki 121. Gawanya kwa 4.5 mara 0.75, unapata paneli za kilowati 36. Betri sasa. Ukiamua kwamba mashine zote ni za mchana, betri inabeba uniti 24 za usiku tu, hivyo lithiamu ya kilowati-saa 35 hadi 40 inatosha. Mkiruhusu mashine zisage usiku, mtahitaji zaidi ya 160. Ratiba ya saa za kazi ndiyo inayoamua bei ya mtambo, na ratiba hiyo haiuzwi dukani. Ni mkutano mkuu unaoipitisha.

Pampu: ekari moja ya mboga kiangazi inakunywa milimita 5 kwa siku, yaani mita za ujazo 20. Kwa mifereji nusu inapotelea njiani, kwa hiyo vuta 40. Kupandisha mita za ujazo 40 kwa kina cha mita 20 ni 40 × 20 × 2.725 (wati-saa za kupandisha mita moja ya ujazo kwa mita moja), sawa na wati-saa 2,180 za kazi halisi. Pampu na mota vikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 40, ni uniti 5.5 hivi. Kwa matone mnashuka hadi mita za ujazo 22 na umeme unapungua karibu nusu.

Tazama na kalenda yenu, ina bahati fulani. Kuanzia 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika unafungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Barafu inalala miezi mitatu, na ndiyo miezi bustani zina kiu. Uniti 27 zilizoachwa na barafu zinamwagilia karibu ekari 5 zaidi kwa kina hicho hicho. Mtambo hautakaa bure.

Sasa kuwasha kinu, ambapo miradi mingi huanguka wiki ya kwanza. Mota ya kilowati 15, volti 400, inavuta ampea 28 hivi ikibeba mzigo kamili. Ukiiwasha moja kwa moja inadai mara sita ya hapo, kama ampea 170. Inveta ya kVA 30 mwisho wake ni ampea 43. Itajizima, na kijiji kizima kitakuwa gizani kila mtu akileta debe. Stata ya sta-delta inashusha hadi kama 57, bado haipiti. Wekeni VFD (kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota): inapandisha mwendo polepole na mkondo hauzidi sana ule wa kawaida. Kinu kiwashwe kitupu, na mahindi yaingie kikishashika kasi. Nyundo zikiwa butu mota inavuta zaidi kwa gunia lile lile, kwa hiyo zigeuzwe upande wa pili kabla unga haujaanza kutoka wa moto. Gunia la kilo 100 la dona lisizidi uniti 3 hadi 5 kutegemea matundu ya chekeche. Likizidi, angalia nyundo na mkanda kabla ya kulaumu paneli.

Waya nao. Kinu kikiwa mita 600 kutoka kwenye mtambo na mkatumia alumini ya milimita 25, volti zinazoanguka njiani ni kama 30 kati ya 400. Hiyo ni zaidi ya asilimia 7, na nguvu ya mota ya kuzungusha inapungua kwa asilimia 14. Kwa milimita 50 mnaanguka asilimia 4. Ila bora zaidi sogezeni mashine. Kinu, kikamulio na barafu vikae ndani ya mita 100 za inveta, watu ndio watembee na magunia. Inveta iwe chumba cha peke yake, na paneli ziwe upande upepo unakotoka, kwa sababu vumbi la unga likishika paneli na feni za inveta mtapoteza umeme na kifaa pia.

Mizania_Tabora

Fundi amemaliza upande wake, mimi niseme fedha na daftari.

Kwanza mjue gharama mnayoikimbia. Injini ndogo ya dizeli inatoa kama uniti 3 kwa lita. Lita ikifika kijijini kwa Sh 3,500, uniti moja ni karibu Sh 1,170 kwa mafuta peke yake, bado oili, nozo na fundi. Bei ya TANESCO ya daraja T1 (watumiaji wa kawaida) iliyopangwa 2016 ni Sh 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Bei yenu itakaa katikati. Waambieni wanachama mapema, kwenye mkutano, na hesabu ibandikwe ukutani. Mtu akizoea kusikia kwamba mjini ni mia tatu, ataona chama kinamwibia.

Ndani ya bei hiyo lazima kuwe na fungu la kubadilisha betri na inveta. Mathalani betri ni milioni 30 na itadumu miaka 10: hiyo ni Sh 250,000 kila mwezi, akaunti tofauti, waweka saini tofauti na wale wa matumizi ya kawaida. Mitambo ya msaada hufa hapa. Kwa kuwa haikununuliwa, hakuna anayeona sababu ya kuweka akiba, na siku betri zinapochoka chama kinaanza kuandika barua za kuomba upya.

Swali lako la pili. Msikopeshe uniti. Mkulima hana hela ya mwezi, lakini akija kinuni ana gunia. Kwa hiyo umeme wa mashine uingie ndani ya bei ya kusaga, kukamua au barafu, alipie huduma palepale, kwa fedha au kwa kipimo cha nafaka mlichokubaliana. Nyumba na maduka wapewe mita za malipo ya kabla, mtindo wa LUKU. Pampu pekee ndiyo yenye sababu ya kukatwa kwenye mauzo, maana mboga inalipa baada ya wiki nane au zaidi. Makato hayo yawe na fomu iliyosainiwa na mwanachama kila msimu kabla ya kupewa maji, yenye kiwango cha juu kilichoandikwa.

Huku kwetu Tabora tahadhari ni kubwa zaidi. Mkulima wa tumbaku wa Kaliua au Urambo tayari anakatwa pembejeo kupitia AMCOS. Daraja la tumbaku likishuka sokoni, benki inachukua kwanza, na deni la umeme linakuwa la mwisho kwenye foleni. Chama cha nishati kilichotegemea makato ya tumbaku peke yake kinaweza kumaliza msimu bila shilingi. Chanzo kisiwe zao moja.

Sheria: Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inawabana kwa njia nzuri. Kama masharti ya AMCOS yenu yanataja mazao tu, yarekebishwe kwanza na mkutano mkuu, kisha yasajiliwe. Mkopo hauchukuliwi kabla ya ukomo wa madeni kupitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa vyama vya ushirika. Wengi wanaenda benki, TADB (benki ya maendeleo ya kilimo) au nyingine, wakiwa na andiko zuri la mradi na hawana karatasi hiyo. Msimu unapita, makisio ya muuzaji yanaisha muda, bei zinapanda. Hesabu za mwaka uliopita ziwe zimekaguliwa, iwe na COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika) au mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa. Upande wa EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), mtambo wa chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya uzalishaji, lakini waulizeni taratibu za kuusajili. Na anayefunga nyaya awe na leseni ya EWURA ya ufungaji umeme. Vishoka wawekwe mbali kabisa. Akikosea waya wa ardhi kwenye kinu cha chuma, anayeshika mdomo wa mashine ndiye anayelipa.

Kuhusu uzoefu wa nyuma, mkoa wetu una mfano wake. Urambo ilikuwa na chama cha ushirika cha watumiaji umeme, UECCO, kilichoanza miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa TANESCO na wataalamu wa Sweden. Walitumia majenereta ya dizeli, wakawasha saa chache za jioni, na bei yao ilikuwa juu kuliko ya TANESCO. Wanachama walilipa, kwa sababu chama kilikuwa chao na mkutano ndio uliopanga bei. Lakini umeme wa jioni ni wa taa na vinywaji baridi. Mashine za mazao ni za mchana. Dizeli haikuwaruhusu kuwasha mchana kwa watumiaji wachache, na jua linawapa nyinyi kinyume chake. Tumieni nafasi hiyo.

Karani_Ziwani

Nashukuru sana wakuu, hizi ndizo hesabu tulizokuwa hatuna. Mambo mawili zaidi. Wakamuaji wa mawese wanataka umeme uchemshe matunda pia, waache kuni. Na mjumbe mmoja wa bodi ana kinu chake cha dizeli kijijini, wengine wanasema atauhujumu mradi. Tumtoe?

Mise_na_Mawese

La kuchemsha nalijibu mimi: hapana. Pipa moja la matunda lina maji kama lita 60. Kuyatoa nyuzi 25 hadi 100 ni uniti 5 na zaidi, kabla hujahesabu joto linalomezwa na matunda yenyewe na mvuke unaopotea. Hesabu yote ikikamilika, pipa moja linakula umeme wa kusaga magunia matatu hadi matano. Wakamuaji kumi wakichemsha asubuhi moja, mtambo umekwisha.

Joto litoke kwenye makapi na maganda ya mise (kokwa za chikichi), ambayo mnayo bure. Jengeni jiko la matofali lenye chemba iliyofungwa, wavu wa chuma chini ili hewa ipite, na bomba la moshi la kupanda juu. Makapi yakaushwe kwanza siku mbili juani. Yakiwa mabichi yanatoa moshi na mtu anarudi kwenye kuni. Pipa moja la moto wa wazi na jiko lililofungwa vina tofauti kubwa ya kuni, na michikichi haitakuwa sababu ya kukata msitu.

Ila umeme una kazi yake muhimu kwenye mawese, nayo ni haraka. Tunda lililochubuka linaanza kuchachuka mara moja. Mkungu ukikaa zaidi ya siku mbili kabla ya kuchemshwa, asidi inapanda na mafuta yanashuka bei. Kikamulio cha mkono kinatengeneza foleni, cha mota kinaimaliza. Kwa hiyo ratiba ya kikamulio iendane na ratiba ya kuvuna: kitongoji fulani kinakata Jumatatu, kinachemsha Jumanne alfajiri, kinakamua Jumanne mchana kinu kikishamaliza zamu yake. Msiache kila mtu alete siku anayotaka halafu mlaumu mashine.

Kingine ambacho wengi wanakisahau ni mise. Mashine ya kupasua ni ndogo, kilowati 2 hadi 4, na mise kavu haiozi. Inaweza kusubiri wiki. Hiyo iwe kazi ya saa ambazo jua limezidi na betri imejaa, saa nane hadi saa kumi alasiri. Umeme wa saa hizo vinginevyo unapotea. Kama mna miche ya Tenera (michikichi chotara) kutoka kituo cha utafiti cha TARI Kihinga inayoanza kuzaa, jueni pia kwamba mise yake ina ganda jembamba kuliko Dura (aina ya kienyeji), kwa hiyo mwendo wa mashine ya kupasua urekebishwe, la sivyo inasaga kiini pamoja na ganda.

Mizania_Tabora

Mjumbe mwenye kinu: msimtoe kwa kuwa na kinu. Atangaze masilahi yake kwa maandishi, na asikae kikao kinapojadili bei ya kusaga, ununuzi wa mashine au ratiba. Halafu mfikirieni kama mteja. Abadilishe injini yake kwa mota na anunue umeme wa chama mchana. Mkifanya kinu cha AMCOS kimmalize, mmepata adui anayejua kila waya wa mtambo. Mkimuuzia umeme, mmepata mzigo wa mchana bila kununua mashine.

Muhimu zaidi kuliko yeye ni mita. Kila mashine iwe na mita yake, hata ya AMCOS. Kinu cha chama kikisaga bila mita, hasara yake inafichwa ndani ya umeme na wenye nyumba ndio wanaoilipa. Anayeuza uniti asiwe ndiye anayesoma mita. Kila mwisho wa mwezi linganisheni uniti zilizotoka kwenye inveta na zilizouzwa. Pengo likivuka asilimia 10, tembeeni laini nzima kabla ya kikao kijacho.

Nguzo_Tisa

Naongezea swali la tatu ambalo halijajibiwa, la gridi.

Mkoa wa Kigoma uliishi na majenereta kwa miaka mingi, ukaanza kuunganishwa na gridi ya Taifa 2022, na mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5 uko njiani. Laini itafika kwenu, mapema au kwa kuchelewa. Kanuni za miradi midogo ya umeme zinampa mwenye mtambo njia: kuiuzia TANESCO umeme, kununua umeme wa jumla kwao na kuusambaza mwenyewe, au kukabidhi laini kwa fidia na kuondoa mtambo. Kwa ukubwa wenu ningewaza kununua na kusambaza, au kubaki na paneli kama umeme wa mashine za chama tu na kuachia nyumba zihamie.

Njia zote hizo zinafungwa kama laini mmejenga ovyo. Nguzo za mti usiotibiwa huku kwetu ni chakula cha mchwa, miaka michache imeisha. Tumieni nguzo zilizotibiwa na waya uliovikwa, vipimo vya TANESCO, na mchoro wa laini uhifadhiwe ofisini ukiwa na namba ya kila nguzo. Laini isiyo na mchoro wala vipimo haina thamani siku ya kuzungumza fidia. Fremu za paneli ziwe za kufunga kwa bolti juu ya misingi ya zege, zisichomelewe, ili siku ya kuhama zihame.

Na hata gridi ikifika, ulizeni kama ni fezi tatu. Laini ya fezi moja itawasha nyumba zote kwa ada ya Sh 27,000, na kinu chenu cha kilowati 15 kitabaki pale pale kilipo. Andikeni barua REA (wakala wa nishati vijijini) na TANESCO mapema, mkiambatisha lile daftari la mzigo ambalo Fundi amesema, muombe transfoma ya fezi tatu karibu na mashine. Ombi lenye kilowati na saa za matumizi linamsaidia mpangaji kuliko ombi la maneno.

Fundi_FeziTatu

Nakubaliana na Nguzo, ila kwa jambo moja naona tofauti: nyumba msiziunge zote mwaka wa kwanza. Anzeni na mashine, maduka na zahanati kama ipo. Nyumba zilizotawanyika zinakula waya mwingi na kununua uniti chache. Mashine zikishaleta fedha miezi 12, mnajua mtambo unatoa nini hasa, ndipo mvute laini ya nyumba zilizo karibu.

Karani_Ziwani

Hapo kutakuwa na kelele mkutanoni, mkuu. Waliochangia hisa wengi wanataka taa kwanza.

Nguzo_Tisa

Na wana haki, hisa ni zao. Njia ya kati: wekeni kituo cha kuchaji taa na simu pale pale kwenye mtambo, mwanachama anachaji kwa bei ndogo, na laini ianze kwa nyumba zilizo ndani ya mita 300. Waelezeni kwamba kila kilomita ya waya wa nyumba inaahirisha barafu au pampu kwa muda fulani, kisha wapige kura wakiwa na bei zote mbili mbele yao. Karani, kabla ya mkutano huo, pita kwenye kinu cha dizeli wiki mbili mfululizo na uandike magunia na saa za kila siku. Bila namba hizo hata hesabu zetu humu ni makisio.

Karani_Ziwani

Daftari linaanza Jumatatu. Nitaweka humu magunia, saa na lita za dizeli zikishatimia siku 14, Fundi naomba uzipitie kabla hatujamwita muuzaji tena.